Hamu ya kuandika imenirudia mwisho wa reli, sasa naogopa kurudi nyumbani

Mama Mdogo, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenye chumba cha gesti chenye feni inayolia kuliko inavyopepea. Nina miaka 36, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka 9, na kazi yangu ni kuandika makala za safari. Sijaajiriwa popote. Naandika, natuma, nalipwa kwa makala. Kuna wakati malipo yanakuja baada ya miezi minne, na kuna wakati hayaji kabisa, ukiulizia unaambiwa mhariri uliyekuwa ukiongea naye ameshahama. Hii kazi naifanya mwaka wa kumi na moja sasa.

Tangu mwaka jana kalamu ilinikauka. Kazi zilikuwepo, sitaki kusema uongo, ila zilikuwa zilezile: "Mambo kumi ya kufanya" mahali fulani, maneno 800, yakabidhiwe Ijumaa. Nakaa Tabata chumbani, ndala miguuni, naandika kuhusu fukwe zenye mchanga mweupe huku mwenye nyumba anagonga mlango wa jirani kudai kodi na mimi natulia ajue sipo. Nafungua kompyuta saa tatu asubuhi, saa sita bado natazama sentensi ileile. Nikaanza kuosha vyombo visafi. Dada yangu akasema pumzika, rafiki akasema kaombewe. Mimi nikaamua mwezi wote wa tisa nitembee. Mtoto nikamwacha kwa dada, nikatoa akiba yangu, laki tisa na nusu, nikakata tiketi ya treni.

Nilianzia Tabora kwa mama, pale Cheyo. Alinipokea vizuri siku mbili. Siku ya tatu akaanza: mwanamke mwenye mtoto anazururaje mwezi mzima? Nikimwambia ni kazi, ananiuliza bosi wangu ni nani. Nikisema sina bosi, anasema basi hiyo si kazi. Asubuhi moja nikatoka kwenda Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone, nikapiga picha, nikarudi mchana. Sikuandika hata mstari. Nikaona nitagombana na mzazi bure, nikapanda treni ya Kigoma. Kulipokucha nikafungua dirisha nikaona miombo imechipua, na wewe unajua majani machanga ya miombo mwezi wa tisa yanavyokuwa, mekundu kama pori zima limepakwa mawese. Nikasema sasa nitaandika. Sikuandika.

Ujiji nilikwenda jioni, nikakaa na wazee kwenye kahawa. Hapo yalinipata madogo, nikuambie tu ili upate picha kamili. Mwaka 2017 niliandikia jarida moja la nje makala ya safari ya meli ya Liemba, kutoka hapa Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Ilipendwa sana. Kwa kweli meli sikuipanda, niliunganisha masimulizi ya watu, ndivyo wengi wanavyofanya. Basi mzee mmoja aliyewahi kupakia mizigo bandarini akanisikia nikisema kwamba niliandika kuhusu Liemba, akafurahi, akaniuliza nililala daraja la ngapi. Nikasema la pili. Akaniuliza, chumba chako kilikuwa upande gani? Nikababaika. Akanitazama kidogo, akanisogezea kikombe: "Kunywa kahawa, mama, inapoa." Yakaisha.

Kesho yake nikaenda Kibirizi kupanda boti ya Gombe, maana nilikuwa na kazi ya makala ya sokwe. Makala hiyo nimeshawahi kuiandika mara tatu. Ile sentensi ya "Julai 14, 1960, binti wa Kiingereza mwenye miaka 26 alishuka ufukweni" naweza kuiandika usingizini. Gombe nikakaa siku moja, nikawaona sokwe, nikaandika yale yale. Boti ya siku iliyofuata ilipopita, badala ya kusubiri ya kurudi mjini nikapanda hiyo hiyo inayokwenda kaskazini, kwa sababu tu sikutaka kufika mjini nikakaa mbele ya kompyuta. Boti imejaa magodoro, mifuko ya sukari na makreti ya soda, na mama mmoja kakaa juu ya godoro lake kama malkia. Akaniuliza nashukia wapi. Nikasema sijui. Akasema, basi utashuka kwangu.

Ndivyo nilivyofika Mwamgongo. Nilikusudia kulala usiku mmoja. Usiku upepo wa kusi ukaamka, asubuhi ziwa limechafuka, mawimbi yanavunjika hadi kwenye mitumbwi iliyovutwa juu, na boti hakuna. Nikakaa siku mbili zaidi, simu imezima chaji.

Usiku wa kwanza, kabla upepo haujaanza, niliona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji mwingine upande wa pili. Saa kumi na moja alfajiri mama akaniamsha, tukashuka ufukweni na beseni. Dagaa wanatoka kwenye mtumbwi wanang'aa, bado wanarukaruka. Nikajifanya najua, nikamwaga beseni zima juu ya kichanja. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha: unachota konzi moja, unarusha kwa kiganja kilichofunguka nusu, kama mtu anayelisha kuku, ili watawanyike na asilale mmoja juu ya mwingine. Wakirundikana wanaoza tumboni na ukiwauza watu wanakuharibia jina. Kabla ya adhuhuri unawageuza. Katikati ya hapo kazi yako ni kunguru. Kunguru wa pale hawaogopi mawe, wanaogopa kitenge. Ukipunga kitenge wanaondoka, ukirusha jiwe wanalitazama. Alasiri anachukua dagaa mmoja, anamsogeza sikioni, anamvunja. Akivunjika kwa mlio, wako tayari. Akipinda, bado. Mimi nilivunja wangu nikasema huyu kalia. Akasema, "Huyo kanung'unika, hajalia."

Siku ya pili, upepo ukiwa bado unavuma na hakuna aliyekwenda ziwani, tulikaa barazani. Akanisimulia jinsi ziwa lilivyofungwa mwaka 2024, miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Sikutegemea atakachosema. Alisema mwezi wa kwanza alilia. Mwezi wa pili alilima bustani. Ziwa lilipofunguliwa akashuka ufukweni akakuta amesahau harufu, akatapika, yeye aliyezaliwa kwenye dagaa.

Usiku ule niliandika kwa mwanga wa tochi ya kuazima, nyuma ya risiti na kwenye karatasi za daftari la mjukuu wake. Kurasa kumi na moja. Mama Mdogo, sijaandika hivyo tangu nilipoanza kazi. Asubuhi vidole vyangu vilikuwa na magamba na mgongo unauma, nikawa najisikia kama nimepona malaria. Wakati naondoka nikampiga picha kwa kamera akiwa na ungo, akaniomba nimletee. Ya karatasi, ya kushika mkononi, si ya simu.

Baada ya hapo nilipanda hadi Kalinzi kwenye mashamba ya kahawa, nikaandika kurasa mbili. Nikapita Uvinza. Sasa mwezi umeisha, nina elfu sabini mfukoni, dada amechoka kulea watoto watano, na mwanangu akipiga simu anaanza na swali moja: "Mama, treni imefika?" Ninajua natakiwa kurudi. Lakini nikifikiria kile chumba cha Tabata nahisi hamu yote itaniponyoka kabla sijafika Morogoro. Wenzangu ninaowasiliana nao mtandaoni wanaishi kwa kuhamahama, leo nchi hii kesho ile, wananiambia nyumba ndiyo inayoniua, nivunje mkataba, nimchukue mtoto, nitembee moja kwa moja. Nirudi au niendelee?

Ni mimi,
Msafiri, Kigoma


MAMA MDOGO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na safari, na pole na hiyo feni.

Mimi nimefundisha shule za hapa Tabora miaka thelathini, na ugonjwa wa walimu hauniishi: barua nikiisoma nashika kalamu nyekundu. Yako nimeisoma mara tatu. Umezunguka mwezi mzima. Tabora umeipa mistari michache, na mingi ni ya kumlalamikia mama yako. Kalinzi umeipa nusu mstari. Uvinza umeipa maneno mawili, "nikapita Uvinza", mahali ambapo watu wamechemsha chumvi karne nyingi kabla Mjerumani hajaota reli. Gombe yenyewe, uliyolipiwa kuiandika, haina hata jani. Halafu tunafika Mwamgongo na mwanamke anamsogeza dagaa sikioni, mimi huku Tabora nikajikuta nasikiliza.

Sasa niambie, hapo Mwamgongo ulikuwa unatembea? Ulikuwa umekwama. Upepo ulikufungia mlango, simu ikafa, ukakosa pa kwenda, ukaanza kutazama. Wewe unasema umeponywa na mwezi wa kutembea. Kwa ushahidi wa barua yako mwenyewe, kutembea kulikupa kurasa mbili na kukaa kukakupa kumi na moja. Treni uliipanda hukuandika. Majani ya miombo uliyaona, ukapata mfano mzuri wa mawese, hukuandika. Kwa hiyo hao wenzako wa kuhamahama wanakuuzia dawa ya ugonjwa ambao huna. Na ukiwachunguza, wengi wao wana pasi zinazofungua kila mpaka na malipo ya dola yanayoingia hata wakilala. Wewe una elfu sabini na mtoto wa darasa la tatu au la nne. Usilinganishe.

Lakini kuna jambo umelipitisha katikati ya barua haraka haraka, kama mtoto anayepita sebuleni na kitu mfukoni. Umeliita madogo.

Makala ya Liemba.

Mwanangu, hayo si madogo, na wewe unajua, ndiyo maana umeyakumbuka mpaka jinsi alivyokusogezea kikombe. Uliandika safari ambayo hukusafiri, ukasema umeona ambacho hukuona, ukasifiwa, ukalipwa. Baada ya hapo kila kazi iliyokuja ilikuwa rahisi kuifanya hivyo hivyo, ukiwa umekaa, na kila ulipoifanya ukazidi kuona kwamba hakuna anayehitaji uende. Nani angekuwa na hamu? Mpishi akizoea kusifiwa kwa chakula cha kununua, siku moja atakiangalia kile chungu asijue kinawekwaje jikoni. Sisemi ulikuwa mvivu. Nasema ulijifunza kwamba macho yako hayana thamani, na yule mzee wa Ujiji kwa swali moja la upande gani akakukumbusha kwamba yanayo. Angalia mpangilio wa siku zako: Ujiji kwanza, Mwamgongo baadaye. Sidhani ungemfuata yule mama wa godoro kama hujaona aibu kwenye kahawa.

Kwa hiyo kabla hujapanda treni fanya mambo mawili. La kwanza, mwandikie huyo mhariri wa jarida. Sentensi mbili zinatosha: makala ile niliiandika kwa kutegemea masimulizi ya watu, meli sikuipanda, naomba muirekebishe au muiondoe. Usijitetee, usisimulie maisha. Labda watakunyima kazi tena. Labda wala hawatajibu, maana umesema wahariri wa huko huhama kama kunguni. Hilo si lako.

La pili, rudi Ujiji ukamtafute yule mzee. Peleka kashata. Mwambie ukweli, kwamba chumba hakikuwepo, halafu umuulize yeye alikuwa upande gani. Unajua historia ya ile meli, naamini, kwa sababu ndiyo uliyoinakili: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli nyingine na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 maadui wasiipate, mitambo wakiwa wameipaka grisi. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hayo yote yako vitabuni na kila mwandishi anayafungua nayo. Kisichoandikwa ni mgongo wa mtu aliyepandisha magunia kutoka kwenye mitumbwi usiku, katika vijiji visivyo na gati, meli imesimama kwenye maji mengi na watu wanapigiana kelele gizani. Wewe ulilielezea hilo kama uliliona. Yeye alilibeba. Hiyo ndiyo makala, na hakuna anayeweza kuiandika akiwa Tabata.

Nirudi kwenye ile sentensi yako ya Julai 14, 1960, unayoweza kuiandika usingizini. Nadhani unaichukia kwa sababu kila mara unaishia hapo hapo ufukweni. Jane Goodall aliposhuka Gombe sokwe hawakumpokea, walimkimbia. Alikuwa anapanda kilimani na darubini, anakaa, anashuka. Mwezi wa nane hivyo, mwezi wa tisa hivyo. Homa ikamshika katikati. Ilipofika Novemba ndipo akamwona dume mmoja anachomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, analivuta na mchwa, anakula, na wataalamu wa dunia wakalazimika kufikiri upya nani anatengeneza zana. Miezi minne mahali pamoja! Wewe Gombe ulikaa siku moja ukaandika yale yale. Ungeandika nini kingine? Na kwa kuwa tumeanza habari za wazazi, hata yeye mara ya kwanza alikuja na mama yake, kwa sababu wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakutaka msichana akae porini peke yake. Kila mtu na mama yake.

Hapo Kwihara pia ulipiga picha ukarudi mchana. Livingstone alikaa kwenye ile nyumba tangu Stanley alipoondoka Machi 1872 hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Miezi mitano ya kungoja. Na kabla ya hapo, huko Manyema, alipoishiwa karatasi aliandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari ya chapa, kwa wino aliouchuja kwenye matunda ya mti. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wanafunzi wanaosema wamesahau daftari. Hawakuamini, lakini walileta daftari.

Sasa swali lako lenyewe, nirudi au niendelee. Mama yako ni mtu wa Tabora, na jibu liko kwenye ukoo wenu kama liko kwenye wangu. Babu zetu walitembea kwa kazi. Wanyamwezi walibeba pembe na bidhaa kutoka huku hadi pwani, miezi njiani, na kijana ambaye hajawahi kufika baharini alionekana bado mtoto. Lakini walikwenda kiangazi. Mvua zikikaribia wengi walitaka kuwa nyumbani, kwa sababu jembe lilikuwa linawangoja, na tajiri wa msafara aliyechelewa kupata watu aliwakosa. Kwenda kulikuwa na msimu wake na kurudi kulikuwa na msimu wake, na hakuna aliyesema kijiji kinamuua. Kamweleze mama hivyo. Akikuuliza bosi ni nani, muulize bosi wa babu yake alikuwa nani. Muulize kwa heshima, umekaa chini, na uwe umeshaosha vyombo.

Wewe basi rudi. Mvua zinakuja, na una shamba: kurasa kumi na moja nyuma ya risiti. Hizo bado si makala, ni mavuno yaliyoko uani. Kuzipalilia, kuzipunguza, kutafuta mhariri wa kuzinunua, hiyo ni kazi ya kiti na meza na chumba cha Tabata chenye mlango unaofungwa. Hofu yako ni kwamba chumba kitakunyang'anya hamu. Kilikunyang'anya zamani kwa sababu uliingia mikono mitupu ukakitaka kikupe. Safari hii unaingia umebeba. Hata hivyo usijiamini kupita kiasi: andika ya Mwamgongo yote, mwanzo hadi mwisho, kabla hujaondoka Kigoma, hata ikiwa mbaya. Harufu ya dagaa haidumu vidoleni, na yule mama mwenyewe miezi mitatu tu ilimsahaulisha.

Sitakuambia uitembelee Tabata kama mtalii. Huwa nasikia watu wakishauri hivyo na huwa nacheka, maana kodi ya nyumba haimwachi mtu awe mtalii kwake.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu ushauri usiogusa kodi ni porojo. Kazi za "Mambo kumi" huwezi kuzikataa zote kesho. Chukua mbili kwa mwezi za kulipia chumba na ada, lakini weka mwiko: mahali ambapo hujafika usiseme nimeona, usiseme nilionja, usiseme upepo ulinipiga usoni. Andika kama mtu aliyeulizia watu, na useme umeulizia. Utashangaa wahariri wengi hawajali, walichokuwa wanataka ni maneno 800. Mhariri mpya mwombe nusu ya malipo kabla hujaanza. Akikataa, mpe kitu kifupi kwanza, usimpe Mwamgongo. Akiba ya safari iweke kando hata elfu ishirini kwa wiki, na ukiipata safari nyingine usiitawanye kwenye miji mitano. Chagua kijiji kimoja, siku saba, na uombe upepo uvume.

Dada yako mpelekee mawese na dagaa, na usimpelekee wale wa mchanga, nunua waliokaushwa kwenye vichanja, wewe sasa unawajua kwa kusikia. Umshukuru kabla hujafungua begi. Mtu aliyelea watoto watano mwezi mzima ili wewe uandike kurasa kumi na tatu ana hisa kwenye hizo kurasa.

Mwanao asipate tu jibu kwamba treni imefika. Shule zikifungwa Desemba mlete. Panda naye treni, umshushe Tabora, embe zitakuwa zimeiva na pale Cheyo hata ukilala barazani linaweza kukudondokea. Bibi yake akimwona atasahau habari za bosi kwa wiki nzima. Usimwambie aandike chochote. Mpe daftari tu, na kalamu mbili maana moja ataipoteza Morogoro.

Jambo la mwisho, nalo ni la kesho asubuhi, kabla ya barua ya mhariri na kabla ya mzee wa Ujiji. Ile picha ya yule mama na ungo wake. Mwanga kuna maduka ya kusafisha picha, nenda kachapishe, kubwa, mbili, moja akiwa peke yake na nyingine kama umempiga na mjukuu mwenye daftari. Weka kwenye bahasha ngumu, andika jina lake kwa kalamu isiyofutika na maji, teremka Kibirizi mchana boti za kaskazini hazijaondoka, umkabidhi nahodha mkononi, si utingo. Na daftari jipya la huyo mjukuu uliweke humo humo, maana karatasi zake ulizichukua wewe.